Tamu Sifa Baada ya Kukama

Jumatatu, 18 Machi 1996

Sista Mellen wa kliniki ameniambia niandike. Si mambo ya nyumba, amesema, ni mambo ya mwili: wapi panauma, nimelalaje, nimekulaje. Anataka nikirudi kwake nisiseme tu "niko sawa" halafu nikumbuke maumivu yangu nikiwa nimeshafika nyumbani Silibwet. Ananijua huyo. Basi nimechukua daftari la Kipkosgei la hesabu za darasa la saba, ambalo limebaki na kurasa nyingi kwa sababu kijana wangu hakuzipenda hesabu, na sasa ninaandika.

Mwili: mgongo unauma, hapa chini kiunoni. Titi la kushoto walilitoa mwaka juzi na nilidhani tumemalizana. Leo daktari ameangalia picha na kusema ugonjwa umehamia kwenye mifupa. Alisema kwa Kiingereza, kisha akamwachia Sista Mellen anieleze. Sista ni Mkisii, hana kona kona. Akaniambia, "Mama, huu hatutauondoa. Lakini tunaweza kuutuliza, na ukitulia unaweza kuishi nao." Nikauliza, kuishi mpaka lini? Akasema hilo analijua Mungu, ila litategemea pia nitakavyomeza dawa.

Dawa yenyewe ni kidonge kidogo cheupe, kimoja kila siku. Ugonjwa wa aina yangu, alisema, unalishwa na homoni, ile iliyo mwilini mwa kila mwanamke. Kidonge kinaenda kukalia kiti cha homoni. Homoni ikija inakuta kiti kina mtu, na ugonjwa unalala njaa. Ukiruka leo, ukiruka kesho, kiti kinabaki wazi. Hapo nilielewa haraka, maana kwaya yetu nimeimba miaka mingi na najua vile mtu akikosa Jumapili mbili anakuta kiti chake kimechukuliwa.

Nimeze na maji, kizima, bila kutafuna. Nikisahau asubuhi na nikumbuke jioni, nimeze. Nikikumbuka kesho yake, kile cha jana niache kiende, nisimeze viwili kufidia. Na nisichanganye na dawa nyingine yoyote, ya duka wala ya msituni, kabla ya kumuuliza yeye. Akaniambia nikifunge kidonge na kazi ambayo haikosi kila siku. Nikasema honi ya lori la majani ya chai. Akacheka, akasema lori letu anajua linavyokwama mvua ikinyesha. Basi nikasema kukama. Ng'ombe hasahau, na akisahauliwa analia mpaka majirani wasikie.

Jina la dawa ni tamoksifeni. Nimemsomea Mama Ouko, jirani yangu, akajaribu mara kadhaa, kisha akasema kwa ulimi wake itaitwa Tamu Sifa. Tumecheka mpaka mgongo ukanikataza.

Jumatano, 20 Machi

Nimekama, nimemeza.

Jumapili, 24 Machi

Nimemeza. Kanisani niliimba nimekaa. Phyllis, mke wa Kipkosgei, alikuwa ameniletea mto wa kukalia bila kuulizwa, mbele ya watu wote, kama mimi ni mgonjwa. Nilimwambia aurudishe. Mto ulikuwa mzuri lakini sikutaka kuukalia.

Niseme ukweli, kwa kuwa Sista hataisoma hii sehemu: huyu msichana sijamzoea. Anatoka Chebunyo, ni mpole kupita kiasi, anatembea nyumbani kwangu bila kusikika. Kipkosgei yuko kazini Nakuru na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo tumebaki wawili tukiangaliana. Mimi ni mtu wa maneno. Nikimwambia jambo anasema "ndiyo, Mama", na siwezi kujua kama ni ndiyo ya kukubali au ya kuninyamazisha.

Lakini ana mimba, ya kujifungua mwisho wa Julai, na itakuwa mjukuu wangu wa kwanza. Hilo ndilo ninaloliomba kila nikimeza. Sisi Wakipsigis mtoto akizaliwa, wamama wazee humshika na kuita majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, huyo marehemu amerudi nyumbani. Sisi ni watu wa kanisa, ndiyo, lakini sijawahi kuona mchungaji akimkataza mtoto kupiga chafya. Mimi nataka siku hiyo niwe kati ya wanaoita. Sitaki kuwa kati ya wanaoitwa.

Jumapili, 31 Machi

Nimemeza, kwa machozi. Maumivu yamezidi. Usiku nimegeuka kila upande. Sista alikuwa ameniambia mwanzoni mifupa inaweza kuuma zaidi kabla ya kutulia na nisiogope, niendelee, ila yakinishinda niende. Nimejikumbusha hayo nikiwa nimeuma leso.

Mchana alikuja Tapsubei, dada ya marehemu mume wangu, na mizizi kwenye kikapu. Nikamshukuru, nikasema nitamuuliza Sista kwanza. Akanitazama kwa lile jicho lake, kisha akatazama tumbo la Phyllis, akasema, "Chelimo, mwaka huu majina hayatatupungukia." Chelimo ndiye mimi, Rebeccah ni la ubatizo na yeye halitumii. Nilimwandalia chai. Alipoondoka nikaiweka mizizi yake juu ya dari. Mwanamke yule hajawahi kunipenda tangu nilipoolewa na kaka yake, na sasa ameshanipanga kwenye foleni ya marehemu.

Jumapili, 7 Aprili, Pasaka

Nimemeza. Mvua ya mawe ilikuja tukiwa kanisani, ikapiga mabati mpaka mchungaji akaacha kuhubiri na sisi tukakaa tu tukisikiliza. Majani ya chai yametoboka kote. Watu wanalalamika. Mimi nilikuwa nimeenda mbali.

Benard wangu na mimi tulipanda chai hii mwaka wa sitini na tano. Miche tuliibeba kichwani kutoka kitalu, kila mmoja na karai, mvua ikitupiga. Alikuwa akiimba mbele na mimi nikiitikia nyuma, na akikosea maneno ananisingizia mimi. Mwaka uliofuata mvua ya mawe ikaja ikaangusha miche yote. Nililia. Benard akapita katika mistari akiinua mmoja mmoja, akiuambia "simama mzee, simama", kama anayeamsha walevi. Yote ikasimama. Ndiyo hii ninayoiona dirishani. Yeye ameenda mwaka wa themanini na tisa na chai bado inachunwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemeza. Na leo NIMECHUNA. Niliamka, nikageuka kitandani, nikangoja maumivu, hayakuja. Nikakama, nikameza, nikavaa gambuti na apron ya plastiki nikaingia kwenye mistari kabla Phyllis hajaniona. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Mikono haijasahau. Sikujaza hata chini ya kikapu lakini karani wa kituo cha kupimia majani aliponiona akasimama akanipa mkono.

Asante Mungu. Asante Tamu Sifa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemeza. Chai, mvua, chai.

Jumapili, 5 Mei

Leo kanisani nimeaibika. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili nikasikia joto linaanza hapa kifuani, likapanda shingoni, likaingia usoni na masikioni, jasho likanitoka kama nimechutama juu ya sufuria. Nje kuna ukungu, watu wamevaa makoti, na mimi nimevua sweta, nimevua kitambaa cha kichwa, najipepea kwa kitabu cha nyimbo. Baada ya muda mfupi likaisha. Likarudi wakati wa sadaka.

Jumamosi, 11 Mei

Malaria imeingia. Kila nyumba kuna mtu amelala, na huko kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa majani, wanasema zahanati imejaa mpaka nje. Zamani hapa kwetu malaria ilikuwa ya watu waliotoka safari. Mtu akishuka Soin, kule bondeni kwenye joto, kumwona shemeji, akirudi tunamwangalia wiki mbili. Mama yangu alisema mbu ni mvivu, hawezi kupanda mlima. Siku hizi amejifunza kupanda.

Joto langu linakuja mara nyingi, hata usiku. Mama Ouko amenishika paji la uso na kutangaza ni malaria. Na nani anaijua malaria kuliko Mjaluo wa ziwani? Aliletwa hapa na mumewe Obonyo, fundi wa kiwandani, mwaka wa sitini na sita akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo sijafanya jambo bila yeye. Watoto wetu walinyonya kwetu sote. Aoko, ndilo jina lake la nyumbani, akisema ni malaria, ni malaria.

Ameniletea klorokwini. Nikamwambia Sista alisema nisichanganye dawa. Akafikiri, akasema Sista ana haki kabisa, mafahali wawili hawakai zizi moja, dawa zikipigana tumboni anayeumia ni tumbo. Basi niweke Tamu Sifa kando kwanza, nimalize malaria, halafu nirudi. Kliniki ni mbali na barabara ni matope. Nikaona ana akili.

Jumapili, 12 Mei

Sijameza. Klorokwini. Chungu, chungu, chungu.

Jumanne, 14 Mei

Sijameza. Ngozi inawasha mwili mzima. Mama Ouko anasema ni dalili dawa inafanya kazi.

Jumatatu, 20 Mei

Joto limerudi, mara nne leo. Mama Ouko anasema hii ni malaria sugu, ya siku hizi, inataka kurudiwa. Ameleta nyingine. Phyllis alisimama mlangoni akitusikiliza na hakusema kitu. Nilimwuliza kama amepoteza kitu hapo. Akasema, "Hapana, Mama."

Alhamisi, 30 Mei

Sijameza. Nimemaliza dawa ya pili ya malaria na nilikuwa nirudie kidonge changu leo, lakini joto bado lipo, ingawa limepungua kidogo. Nangoja liishe kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Sikuenda kanisani. Mgongo.

Ijumaa, 14 Juni

Leo ng'ombe alilia na sikuweza kuinuka. Namwandikia Sista nikiwa nimelala, kalamu inaenda ovyo. Maumivu ni yale yale ya Machi, na mguu wa kulia nauburuta. Phyllis na tumbo lake lile akachutama akakama. Nilimsikia huku ndani akimwambia ng'ombe atulie, na nikakumbuka mwenyewe nikikama pale na mimba ya Kipkosgei, Benard akinishikia mkia wa ng'ombe usinichape usoni. Nililia, si kwa maumivu peke yake.

Aliingia na maziwa, na glasi ya maji. Akasimama hapo. "Mama, kidonge kiko wapi?"

Nikamwambia nina malaria, nimekiweka kando, na hayo si mambo yake. Nilikuwa mkali. Nilimwambia pia kwamba nyumba hii ilikuwa na watu kabla yeye hajaja. Akaiweka glasi chini. Nilidhani ataenda. Badala yake akakaa kitandani kwangu, kitu ambacho hajawahi kufanya, na akaongea kwa muda mrefu kuliko siku zote alizokaa hapa.

"Mama yangu alikufa na malaria," alisema. "Mimi ndiye nilikaa naye. Alianza na baridi, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, tukamwekea mablanketi yote ya boma. Alitapika hata maji. Wewe hutetemeki. Wewe unavua sweta, unatoa jasho, unajipepea, halafu unaniuliza kama ugali umeiva. Hii malaria ni ya aina gani? Nimenyamaza kwa sababu mimi ni mgeni hapa na Mama Ouko si mgeni. Na sitaki kunyamazia mama wa pili."

Nikaichukua ile glasi, nikanywa maji. Mimi, mtu wa maneno.

Jumanne, 18 Juni

Kipkosgei amekuja, ametafuta pikapu, tumeenda. Phyllis amekataa kubaki.

Wamenitoa damu kidoleni, wakaangalia. Hakuna malaria. Haikuwepo, Sista Mellen anafikiri haikuwepo tangu Mei. Lile joto ni la kidonge. Linawapata wanawake wengi wakimeza dawa hii, kama lile joto la mwanamke anayekoma hedhi, kwa sababu homoni imenyang'anywa kiti. Linasumbua lakini haliui, na siku zikienda huwa linapungua. Nilikuwa nimeacha dawa kwa sababu dawa ilikuwa ndani yangu ikifanya kazi.

Aliuliza ni nani aliniambia niache. Nikasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Akavua miwani.

"Nani alikuambia hawa ni mafahali?" alisema. "Nilisema uniulize mimi kabla ya kuongeza. Sikusema uondoe. Hata ungekuwa na malaria ya kweli, ungekuja nikupe ya malaria inayokaa vizuri na hii, na hii ungeendelea kumeza. Hii huachi wewe. Wa kukuachisha ni mimi au daktari."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu ninaliburuta. Nilimwuliza kama nimeharibu. Hakunidanganya. Akasema hajui, ugonjwa umepata nafasi ya kula, tutarudi kwenye kidonge na kungoja tuone kama kitashika tena. Halafu akamgeukia Phyllis, si mimi, akamweleza ya kutazama: mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya ugoko, au nikikosa pumzi ghafla, niletwe siku hiyo hiyo. Nikitoka damu kama ya mwezi wakati mwezi wangu ulishakoma, nisione haya, niseme. Macho yakifanya ukungu, niseme. Joto likija, nivae nguo nyepesi zinazovulika, nipunguze chai ya moto. Nikasema, Sista, hapa Kericho na Bomet nipunguze chai? Hiyo peke yake ndiyo ilimchekesha.

Njiani kurudi nililala nimeegemea bega la Phyllis. Nilihisi mtoto akipiga teke.

Jumatano, 19 Juni

Phyllis amekama. Nimemeza.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemeza. Mama Ouko alikuja na nikamwambia. Ningeweza kumficha, lakini angesikia kwa Phyllis au kwa upepo. Alikaa chini kwenye mkeka kama mtu aliyefiwa, akajifunika uso kwa leso. "Mama Kipkosgei," alisema, "karibu nikuue kwa mapenzi."

Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye niliyekuwa na masikio pale kliniki. Kisha nikamkumbusha ile siku aliyofika, amevaa viatu vyeupe vya harusi kwenye matope ya kiwandani, akaacha kimoja ndani ya matope na akaendelea kutembea na kimoja kwa sababu alikuwa na kiburi. Mimi ndiye nilikichimbua. Nilikikausha juu ya jiko na kikaungua kisigino, na hakunilaumu hata siku moja. Nikamwambia, wewe ulinisamehe kiatu. Alicheka akilia. Ameahidi kwamba tangu leo kazi yake ni kuuliza jambo moja tu kila asubuhi: umemeza?

Jumanne, 25 Juni

Nimemeza. Mgongo bado.

Jumapili, 30 Juni

Nimemeza. Mgongo bado. Tapsubei alipita, akanikuta nimelala. Hakusema kuhusu majina. Alikaa tu akiutazama mguu wangu.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemeza. Baridi ya mwezi wa saba, ukungu hauinuki hata mchana. Ugonjwa unanisikiliza na mimi nausikiliza.

Jumapili, 14 Julai

Nimemeza. Jioni wote walikuwa jikoni wamezunguka moto, na Kipkosgei amekuja pia. Joto likanishika. Nikatoka nje na fimbo yangu, nikamkuta Phyllis ameshakaa kwenye benchi la makopo ya maziwa, peku, bila sweta, kwenye manyunyu. Akasema mimba inamchoma. Nikasema na mimi nachomwa. Tukakaa pamoja tukijipepea, mmoja kwa sahani na mwingine kwa kifuniko cha sufuria, mvuke ukitutoka kichwani. Kipkosgei alichungulia akatuona, akafunga mlango.

Nilimsimulia vile mama yangu na mama mkwe walivyomwita Kipkosgei majina. Walianza alfajiri. Ukoo wote wakaupitia, mtoto analala tu. Benard hakuruhusiwa kuingia, akawa anapita nje akikohoa, na mama mkwe akamfokea kwamba mtoto akipiga chafya kwa kikohozi chake ataitwa Kikohozi. Phyllis alicheka kwa sauti. Miaka miwili na nusu sijawahi kuisikia sauti hiyo. Ina kishindo, kama ya mtu mkubwa zaidi.

Nikamwambia ninaogopa sitafika. Nilisema hivyo hivyo. Akanishika mkono uliolowa akasema, "Umefika Julai, Mama."

Ijumaa, 19 Julai

Nimemeza. Nimegeuka kitandani usiku bila kuamka. Sisemi kitu. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 22 Julai

Nimekama mwenyewe, nimekalia ndoo. Nimemeza. Mguu unanyanyuka.

Alhamisi, 25 Julai

Kliniki. Daktari amenibonyeza mgongo chini mpaka juu, amenitembeza. Amesema inaelekea dawa imeshika tena. Tuendelee. Sista Mellen ameniuliza kama joto bado lipo, nikamjibu lipo, na nimelizoea, ni mgeni anayekuja bila kubisha lakini nalijua jina lake. Nikamwuliza nitameza mpaka lini. Akasema, "Mpaka iache kukusaidia. Tuombe iwe mbali." Hilo jibu nililikubali.

Jumamosi, 27 Julai

Nimemeza mapema kwa sababu Phyllis alianza uchungu alfajiri. Msichana, zahanatini, mchana. Wote wazima. Ana paji la uso la Benard, maskini.

Jumapili, 28 Julai

Nimemeza. Nimeimba nimesimama. Na sasa niandike vizuri, hata kama kalamu itaisha.

Walikuja baada ya kanisa. Tapsubei aliongoza kwa sababu ndiye mkubwa. Tulikuwa wamama wa ukoo, na Mama Ouko, ambaye si wa ukoo lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Phyllis alikaa kitandani kwangu. Nilimpakata mtoto mimi. Niliombwa, sikujipendekeza.

Tapsubei akaanza na wazee wa zamani, majina ambayo hata mimi niliyasikia mara ya mwisho siku ya kumpa Kipkosgei jina. Tunaita, tunangoja, tunamtazama mtoto. Kimya. Akaita dada zake waliokufa. Kimya. Akamtia ugoro kidogo sana puani kwa ncha ya kidole. Mtoto akakunja uso, tukashika pumzi, akakunjua. Majina yakaendelea, na mimi nikahesabu moyoni vile yanavyonikaribia, kutoka kwa bibi, kwa mama mkwe, kwa kizazi chetu. Nikakumbuka maneno yake ya Machi.

Akasimama. Akanitazama kwa lile jicho. Akasema mbele ya wote, "La Chelimo nimeliruka. Bado lina mwenyewe."

Na mtoto akapiga chafya.

Mama Ouko akashika mdomo. Phyllis alibadilika rangi. Tapsubei mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ninayomjua, alinishika bega akalishikilia kwa nguvu, na hapo nikajua kwamba mwanamke huyu ameogopa kunipoteza tangu Machi, na ile mizizi ilikuwa ndiyo lugha yake. Joto likaanza kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni. Jasho likaanza. Joto la Tamu Sifa, limekaa kwenye kiti chake. Nikamwinua yule mtoto tukatazamana.

"Hilo bado ninalitumia, mama," nilimwambia. "Chagua lingine."

Tapsubei ndiye alicheka kwanza. Kisha Phyllis, na kile kishindo chake. Tulicheka mpaka mtoto akalia, ikabidi tumtulize na turudi mwanzo, na alipotajwa mama mkwe wangu, yule yule aliyemfokea Benard dirishani, akapiga chafya mbili mfululizo. Basi mama mkwe amerudi nyumbani na nimeanza tena kuwa chini yake.

Tapsubei akiondoka nilimrudishia kikapu chake. Mizizi nilikuwa nimeitoa darini, nikamwambia ukweli kwamba sikuitumia, Sista hajui inavyokaa na dawa yangu. Hakukasirika. Akauliza kile kidonge nakimeza saa ngapi.

Jumatatu, 29 Julai

Ukungu. Mtoto amelala, mama yake amelala. Ng'ombe aliniita mara moja tu, kwa sababu nilikuwa njiani. Nilipomaliza kukama nikasikia fimbo kwenye lango: Tapsubei, amekuja kwa miguu kwenye matope yote hayo. Nyuma yake Mama Ouko, ameshika viatu mkononi. Hakuna aliyesalimia.

"Chelimo," Tapsubei akasema, "umemeza?"

Nimemeza.